Wasichana Waliosogezwa

Asubuhi ile mlango wa jiko la umma ulimkataa Lugano.

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, bakuli mkononi, nikimfokea mtu mmoja aliyekuwa akinisukuma. Lugano ana miaka kumi na mmoja. Ni binti wa jirani yangu Mama Ikupa, tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, na akikohoa kwao mimi namsikia kwangu. Aliinua mkono akagusisha bangili kwenye jicho la mlango kama tunavyofanya wote hapa Lusungo tangu tunazaliwa. Mlango haukufunguka. Akagusisha tena. Bangili ikaacha ukijani wake, ikawa ya njano kama boga lililoiva, na yule mwanamke wa kwenye ukuta, ambaye kazi yake huwa ni kututakia mlo mwema, akasema, "Lugano Mwaipaja, kwaheri. Mlango wako ni lango la kaskazini."

Watoto wakacheka, wakidhani mashine imelewa. Mimi sikucheka. Mimi ni karani wa hesabu ya watu kituoni hapa, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na njano nilishaiona mara moja, tulipotoa vijana wa kiume arobaini kwenda kufungua kituo kipya. Walipewa siku tatu. Milango ikawakataa mmoja baada ya mwingine, jiko, bafu, darasa, mwisho milango ya kwao wenyewe, mpaka ukabaki mmoja tu unaowafungukia. Hakuna askari aliyewagusa. Kwa baridi ya huku juu milimani, mtu aliyefungiwa nje hahitaji kusukumwa.

"Shangazi," Lugano akaniambia, ananionyesha mkono, "mbona imekuwa hivi?"

"Itakuwa imeharibika, mama. Nitakupa bakuli langu, ule."

Nikaingia nikachota, nikamtolea, nikamwangalia akila. Kisha nikaangalia foleni, nikaona njano nyingine, na nyingine. Nilipofika ya tisa nikaacha kuhesabu. Wote walikuwa wasichana. Wote kwenye rejesta walikuwa na miaka kati ya kumi na kumi na minne, na nilijua hivyo kwa sababu ile miaka niliiandika mimi, miezi miwili tu iliyopita.

* * *

Saa sita tukaitwa ukumbini. Afisa kutoka Idara ya Umbo alikuwa ameshafika, mwanamume mmoja mpole, jina lake Mligo, amevaa sweta la kufumwa kwa mkono na anakohoa. Nilitamani awe mkali. Mtu mkali unaweza kumchukia ukapata nguvu.

"Poleni kwa kuwaachisha kazi zenu," alisema, na akawasha ukuta.

Likatokea umbo letu. Mtoto wa kituo husoma umbo kabla hajajua kusoma jina lake: wanaume kushoto, wanawake kulia, wachanga chini, wazee juu, na kila tofali ni miaka mitano ya watu. Kituo kizuri ni kama rundo la mahindi, kipana chini, kinapungua taratibu kuelekea juu. Tangu joto lilipofukuza watu mabondeni, watu wote waliosalia wanaishi kwenye vituo vya milimani, kila kimoja kikiwa na maji ya watu wake na si zaidi, na Idara kazi yake ni moja, kuhakikisha kila kituo kina umbo la kuishi.

"Hiki ni Itundu," akasema. Umbo likawa kama uyoga, pana juu na chini kijiti. "Walibaki wazee watupu. Pampu ya maji ilipoharibika hapakuwa na mtu wa kupanda mlima kuitengeneza. Tulifika tukiwa tumechelewa siku tisa."

Hakuna aliyekohoa isipokuwa yeye.

"Na hiki ni Makongoro, kile kituo cha machimbo." Upande wa kushoto ulitokeza kitambi kikubwa, wanaume elfu moja na mia tatu wa miaka ishirini hadi thelathini na tisa. Upande wa kulia matofali yalikuwa membamba, ungedhani njiti za kiberiti zimepangwa. "Mwezi uliopita watu kumi na wanne walichinjana kwa sababu ya mwanamke mmoja. Naye pia alikufa. Hatuwezi kukiacha kikae hivyo."

Halafu akarudisha Lusungo, na akaweka kidole kwenye tofali moja lililotokeza kulia kama ubao uliokatwa vibaya. Wasichana wa miaka kumi hadi kumi na minne. "Mnao mia mbili na kumi na wanne. Umbo lenu linahitaji mia moja hamsini na watano. Hamsini na tisa wamezidi. Wamechaguliwa kwa bahati nasibu, hakuna upendeleo. Malori yanakuja keshokutwa saa nne asubuhi."

Mzee mmoja akasimama. "Watoto? Si mchukue watu wazima basi!"

"Tulijaribu, baba. Mwaka juzi tulipeleka Makongoro wanawake thelathini. Ishirini na wanne walitoroka kurudi kwao kwa miguu, wakapitia bondeni." Akakohoa kwenye kiwiko. "Walifika wawili. Mtoto analia mwezi mmoja, miwili, kisha anazoea. Atakulia huko, patakuwa kwao."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionitisha kuliko yote. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye tofali la juu yake, la wasichana wa miaka kumi na mitano hadi kumi na tisa. Lilikuwa limebonyea kama pengo la jino lililong'oka. Mtu mwingine asingeliona, lakini mimi nilijua waliotakiwa kuwa mle wako wapi.

* * *

Nilimkuta Mzee Gwamaka ofisini kwetu, peke yake. Ndiye aliyenifundisha kazi, na mwaka huu tulikuwa wawili tu tuliobaki badala ya makarani wanne.

"Shikamoo."

"Marahaba. Funga mlango, Subilaga."

Nikafunga. Tulikaa kama wezi wawili waliosikia mbwa.

Wacha niseme ukweli wote, maana nimechoka kuupunguza. Kuna fomu fupi na fomu ndefu. Mtoto, mzee na mwanamume, fomu fupi: jina, umri, umemaliza. Ila mwanamke wa miaka kumi na mitano hadi arobaini na tisa lazima ajaze fomu ndefu, maswali mia moja na kumi na manne, ya kuzaa, ya kutozaa, ya mimba zilizoharibika, ya nani analala wapi. Mmoja anakula saa nzima na nusu. Analia, unambembeleza, anakusimulia habari za mume wake wa kwanza. Na una nyumba thelathini siku hiyo, miguu imevimba, na mbele yako amesimama binti wa miaka kumi na sita, mwembamba, anatafuna kucha. Unamwandika kumi na minne. Dakika mbili, umetoka. Mama yake mwenye arobaini na minane unamwandika hamsini. Tunaita kusogeza. Makarani wa vituo vyote wanasogeza, watano hapa, kumi pale, na Idara wanajua, wana namna yao ya kulainisha. Lakini mwaka huu tulikuwa wawili.

"Tumesogeza wangapi?" nikamuuliza.

Akanisukumia daftari lake. Nikatoa langu. Tukajumlisha kwa penseli, mara ya kwanza, mara ya pili. Wasichana sitini na watatu.

"Mzee, kwa hiyo hakuna waliozidi. Wale watoto hawajazidi! Ni wakubwa, akina Ikupa dada yake Lugano, waliorundikwa juu yao kwenye karatasi. Tukisema, orodha inafutwa."

"Inafutwa," akasema. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Warudishe hao sitini na watatu kwenye tofali lao, kisha utoe hesabu."

Nikatoa. Tofali la kumi na mitano hadi kumi na tisa likawa na wasichana mia moja arobaini na wanane. Linatakiwa kuwa na mia moja na thelathini. Penseli ikanidondoka.

"Kumi na wanane," Mzee Gwamaka akasema taratibu. "Umbo halijali limezidi wapi, linachukua palipozidi. Leo Lusungo wanaonekana hawana wasichana wakubwa, ndiyo maana hawaguswi. Ukisema, wanaingia wote kwenye bahati nasibu. Tusekile wako ana miaka mingapi?"

"Unajua ana mingapi."

"Kwenye karatasi?"

Tusekile ni mwanangu wa pekee. Ana kumi na sita, na nilimwandika kumi na minne, wala si kwa mapenzi, kwa uvivu tu na aibu. Nani ana nguvu ya kumuuliza binti yake maswali mia moja na kumi na manne ya chumbani? Kwenye ile bahati nasibu ya watoto alikuwemo, akapona. Sasa nilikuwa na mtoto aliyepona na mdomo wa kufumba, basi.

"Wale wadogo watazoea," Mzee akasema. "Umemsikia mwenyewe. Wakubwa watatoroka, watafia bondeni. Ukiangalia vizuri, kunyamaza ndiyo huruma."

"Wewe unaamini hivyo?"

Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. "Mimi ninaogopa, binti. Nina miaka sabini, wakinifungia milango sitamaliza hata siku mbili."

Nikaondoka nimeamua kunyamaza. Naapa, nilikuwa nimeamua.

* * *

Mama Ikupa alikuwa ananisubiri mlangoni kwangu, na Lugano amemkumbatia kiunoni. Mlango wa kwao ulishaanza kumkataa mtoto, ilibidi dada yake Ikupa aushikilie kwa mguu ili apite. Ikupa huyo ana kumi na saba, mrefu, mcheshi, anamsuka Tusekile nywele kila Jumamosi.

"Jirani, wewe ndiye unayeandika," Mama Ikupa akaniambia. Hakulia. Afadhali angelia. "Mimi sijasoma, lakini najua kujumlisha. Mtaa wetu huu wasichana wadogo ni saba. Mtaa wa nyuma, watano. Nimezunguka kituo kizima leo na miguu yangu hii, nyumba kwa nyumba. Nimepata mia moja hamsini na mmoja. Hiyo mia mbili na kumi na wanne ameitoa wapi huyu bwana?"

Mia moja hamsini na mmoja. Ukitoa wale sitini na watatu, hesabu yangu na Mzee ilikuwa ileile, hata mmoja hakukosekana. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amefanya kwa mchana mmoja kazi niliyopewa miezi miwili, na aliifanya vizuri kuliko mimi.

"Nitaangalia," nikasema.

"Angalia, mama yangu. Hata kulala peke yake bado hawezi, huyu."

Lugano akaniangalia. Mtoto alikuwa ananiamini. Nikageuka nikarudi ukumbini mbiombio, kwa sababu nilijijua: nikikaa chini kidogo tu, nikinywa chai, nitanyamaza mpaka malori yaondoke.

Afisa Mligo alikuwa anakula viazi vya kuchemsha peke yake mbele ya ukuta. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupandisha sauti.

"Wangapi?"

"Sitini na watatu."

"Una majina?"

Nikampa madaftari yote mawili. Akafuta mikono, akaingiza majina moja moja, na kila jina lililoingia niliona ukutani tofali la chini likirudi ndani na la juu likijaa. Alipomaliza, umbo la Lusungo lilikuwa limenyooka vizuri, isipokuwa pale juu kidogo, palipotokeza ukingo mwembamba kama ukucha.

"Kumi na wanane," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na una binti." Ilikuwa kwenye daftari, nyumba namba themanini na sita. Akasukuma sahani pembeni. "Siwezi kutumia madaftari ya mtu aliyekiri kudanganya. Kesho mtahesabu upya wasichana wote, wewe, mwenzako na walimu wote wa kituo, nyumba kwa nyumba, kwa fomu inayostahili. Adhabu yenu itakuja baadaye. Nyumba yako ataandika nani?"

Mzee Gwamaka alishaitwa, alikuwa mlangoni. "Niachie mimi nyumba yake," akasema harakaharaka, na akanikazia macho. Nikaelewa. Angemwandika kumi na minne tena. Alikuwa ananipa mwanangu, palepale mbele ya afisa, na nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa.

Mungu wangu, nilitaka! Shingo ilikuwa tayari inainama. Lakini nikamwona mama asiyejua kusoma anazunguka kituo kizima kwa miguu, nikasema, "Hapana. Kwangu naandika mwenyewe."

Afisa akainua mabega. Alikuwa amechoka, viazi vimepoa. "Sawa," akasema, na akaandika.

* * *

Siku ya pili ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Usiku huohuo tangazo lilikuwa limesomwa: watoto wameachwa, bangili zao zimerudi kijani, sasa watachaguliwa wakubwa kumi na wanane. Asubuhi nilipogonga nyumba ya kwanza, ghafla Lusungo nzima haikuwa na msichana wa miaka kumi na mitano.

"Kumi na minne," mama mmoja akaniambia, na binti yake amesimama nyuma, ana kifua, ana kiuno.

Hapo unatumia kalenda ya matukio, kama tulivyofundishwa kwa watu wasiojua tarehe. "Alizaliwa kabla ya mvua ya mawe iliyovunja paa za vioo, au baada?"

"Baada."

"Mama, tulijificha pamoja chini ya meza siku ile. Ulikuwa unamnyonyesha."

Nikaandika kumi na saba, nikaanza fomu ndefu, swali la kwanza. Alijibu yote mia moja na kumi na manne bila kuniangalia usoni. Nyumba nyingine walinifungulia wakiwa wameshika mchi. Nyingine walinipigia magoti, mtu mzima, ananishika sketi, mpaka nikapiga magoti na mimi tukabaki tunaangaliana pale sakafuni kama wendawazimu.

Kwa Mama Ikupa ndipo nilipopata nguvu kidogo. Lugano alikuwa anaruka kamba. Mama yake alinishika mikono yote miwili akaibusu. "Mungu akubariki, jirani. Umejichongea mwenyewe kwa ajili ya mwanangu."

"Na Ikupa?"

"Kumi na saba," Ikupa akajibu mwenyewe, anamenya viazi. "Kumi na wanane kati ya mia moja arobaini na wanane, shangazi. Nimeshapiga hesabu. Haiwezi ikawa mimi." Akacheka. "Na ikiwa mimi nitarudi. Mimi najua kutembea."

"Usiseme hivyo!" nilimkemea, kwa ukali ambao hakuustahili.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yangu. Tusekile alikuwa amepika ugali na mbogamboga na kuufunika. Nikaketi upande wa pili wa meza kama mgeni, nikatoa fomu.

"Jina."

"Mama, jamani."

"Jina."

"Tusekile Mwakalinga."

"Umri." Kalamu ilikuwa imegusa karatasi na haikusogea. Alijua kila kitu, kituo kizima kilijua. Alinitazama akingoja nimwambie aseme nini. Miaka yote nimemwambia aseme nini.

"Kumi na sita," akasema hatimaye, polepole, kama anayeuliza.

Nikaandika kumi na sita. Halafu tukaendelea. Umewahi kuolewa, umewahi kubeba mimba, siku zako zilianza lini. Swali la arobaini alianza kucheka kwa woga, nikacheka na mimi, tukacheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakutaka kuisha. Tulimaliza yote. Ugali ulikuwa umekauka juu, tukaula hivyohivyo.

* * *

Siku ya tatu, saa nne kasoro, kituo kizima kilikuwa kwenye uwanja wa lango la kaskazini. Malori matatu yalisubiri nje, injini zinanguruma. Wasichana walipangwa mbele mistari sita, mikono imeinuliwa ili bangili zionekane. Mimi niliwekwa pembeni na Mzee Gwamaka, peke yetu, hakuna aliyetaka kusimama karibu.

Macho yangu yalikuwa kwenye mkono mmoja tu, mstari wa nne, wa tatu kutoka kushoto, na ile bangili ya kijani. Nilisema moyoni, chukua nyingine. Nilisema hivyo wazi, sijifichi. Chukua ya mtu yeyote.

Afisa Mligo akagusa kitufe.

Njano zikawaka. Watu wakapiga kelele, kelele moja kubwa isiyo na maneno. Mkono wa mstari wa nne ulibaki kijani. Nikangoja. Ulibaki kijani. Na kabla akili haijarudi kichwani, nikapiga kigelegele.

Kilitoka chenyewe. Kirefu, cha harusini, juu ya vilio vyote. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili lakini kilikuwa kimeshatoka, na uwanja mzima uliinua macho kuniangalia.

Mstari wa pili, Ikupa alikuwa ameshusha mkono anautazama kama si wake. Ulikuwa wa njano.

Mama Ikupa alikuja mpaka nilipo. Alitembea taratibu, Lugano ameshika gauni lake. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru.

"Wako ulimwandika ngapi?" akauliza.

"Kumi na sita. Naapa mbele ya Mungu. Kumi na sita, alikuwemo, alikuwa kwenye bahati nasibu kama wote. Afisa! Afisa, tafadhali, muonyeshe rejesta!"

Afisa Mligo akawasha ukuta wa lango. Ikatokea fomu ya nyumba themanini na sita, jina, umri kumi na sita, maswali yote mia moja na kumi na manne. "Ni kweli, mama," akamwambia. "Binti yake alikuwemo."

Mama Ikupa hakuangalia ukuta. Hajui kusoma. Aliniangalia mimi. "Nani aliandika hiyo?"

Mzee Gwamaka aliinamisha kichwa. Afisa akafungua kinywa, akakumbuka kwamba nyumba yangu niliiandika mwenyewe, akakifunga.

"Uliiandika wewe," Mama Ikupa akasema. "Basi."

Nikamtafuta Tusekile. Yeye alikuwa pale mezani, yeye ndiye aliyesema kumi na sita, yeye aliiona kalamu. "Waambie!" nikampigia kelele. "Mwanangu, waambie niliandika nini!"

Tusekile alikuwa amesimama kando ya Ikupa, ameshikilia fundo la nguo zake. Alinitazama. Nikaona jambo ambalo sikulitegemea kabisa: hakuwa na uhakika. Alikuwa upande wa pili wa meza, aliisikia kalamu ikikwaruza, lakini karatasi ilikuwa imegeukia kwangu, na hii ya ukutani ingeweza kuandikwa baadaye. Na kigelegele alikuwa amekisikia.

"Sikuona," akasema.

Wakatembea wote wawili mpaka langoni, wamebeba lile fundo kwa pamoja, kila mmoja ameshika upande wake. Ikupa akagusisha bangili. Lango likamfungukia, likamtakia safari njema kwa jina lake kamili. Tusekile akagusisha yake, nikapiga ukelele, na lango likamkatalia. Alibaki amesimama pale mpaka injini za malori ziliposikika zikizunguka mlima.

Halafu akageuka akarudi, akapita kati ya watu, na watu wakampisha. Alipofika mbele yangu alisimama kwa adabu, kama anavyosimama msichana yeyote wa Lusungo mbele ya mtu wa ofisi.

"Shikamoo, Karani," akasema.

Kituo kizima kilikuwa kinasikiliza.

"Marahaba," nikaitikia.